Kivuli Kwenye Fremu ya Mzee Engkos

Mzee Engkos alikutwa saa sita mchana, maiti, katika chumba cha giza cha karakana yake ya kuchapa fulana, mtaa wa Suci, Bandung, Indonesia. Kichwa kilikuwa kimepasuka. Mkononi alikuwa bado amekamata pazia jeusi alilolichomoa dirishani akianguka, na jua limejaa chumba kizima.

Mezani palikuwa na fremu ya nyavu ya kuchapia, iliyopakwa dawa ya kijani.

"Mwizi huyo," alisema Sajenti Yayat.

"Mwizi gani anaacha saa mkononi mwa maiti? Tumia akili, Yayat!"

Inspekta Kokom hakuwa na subira siku ile. Alikulia mtaa huohuo. Mzee Engkos alimjua tangu anatambaa. Kokom aliibeba fremu mwenyewe hadi bombani. Dawa ile ikipigwa na jua hugeuka ngumu. Palipofunikwa, maji huiondoa, na ndivyo picha inavyopatikana.

Maji yalipopita, umbo likatokea: ubao wa kusukumia wino, mpini wake umechongwa pembeni.

Jamani! Kila mchapaji huuchonga mpini ufuate mkono wake, na ubao wake hamwazimi mtu.

Akamwita Entis, aliyechapa hapo kwa miaka ishirini. Mkono wake wa kushoto ulikosa vidole viwili.

"Kang Entis," alimwita kwa heshima ya kaka, "asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Teh Kokom," alijibu, naye akimwita dada. "Nimekuja niliposikia kelele."

"Humu ndani hukuingia?"

"Sijatia mguu leo."

"Hebu lete ubao wako."

Kokom aliulaza juu ya lile umbo. Ukakaa sawasawa, hadi kwenye mchongo wa vidole visivyokuwepo.

"Uliusahau juu ya fremu, ukarudi kuuchukua. Jua lilishamaliza kazi yake. Wewe, Kang, mchapaji, wa kusahau kwamba jua huacha alama?"

Entis aliitazama fremu. Akakaa sakafuni.

"Humu kwenye fremu alikuwemo binti yangu Lilis," alisema. "Nilimtengenezea fulana ya Idi, uso wake mwenyewe. Kabla sijaichapa, mafuriko yakamchukua, yeye na picha zote za nyumbani. Ikabaki fremu hii tu. Miaka sita mama yake hakuthubutu kuitazama. Leo alfajiri akaniambia, 'Nichapie mwanangu.'"

"Ukaja."

"Nikamkuta mzee ameshaufuta uso wake, anaipaka fremu dawa mpya. Kwa ajili ya fulana za kampeni! Nikalia mbele yake, Teh. Akasema, 'Fremu ni fremu, Entis, usinipotezee muda.' Chuma cha kubania fremu kilikuwa karibu. Sikumbuki nilimpiga mara ngapi."

Yayat alitoa pingu bila kumtazama.

"Mkeo anajua?" Kokom aliuliza.

"Yuko nyumbani, mlangoni, anangoja fulana."

Kokom alifungua mkoba aliokuja nao Entis. Fulana nyeupe ilikuwa imekunjwa vizuri, haina hata tone la wino.

"Mpeleke garini, Yayat," alisema. "Kwa mama Lilis nitakwenda mimi."

Akabaki ameishika ile fulana, hajui ataanzia wapi.