Swali Moja kwa Vyama Viwili

Mzee Timazi alikuwa mtu wa kwanza kuamka nyumbani kwake. Alibandika maji ya chai, akafagia kibaraza, kisha akafungua redio kwa sauti ya chini. Jina la Timazi, yaani uzi wenye uzito wa kupimia unyoofu wa ukuta, alipewa na mafundi wenzake. Katika miaka yake yote ya ujenzi, hakuwahi kusimamisha ukuta uliopinda. Sasa mgongo ulikuwa umemchoka, na mwiko ameuweka chini.

Mkewe aliitwa Mama Sweta. Alifuma masweta ya wanafunzi kwa mashine ya mkono, na mlio wa mashine hiyo ulisikika hadi barabarani. Masweta ndiyo yaliyowalisha. Posho ya wazee ilikuja kwa kusuasua, tena ililipwa benki ya mjini, na nauli ya kuifuata iliimega vibaya.

Nyumba ya pili aliishi Dereva, kaka yake Mama Sweta. Aliendesha mabasi ya masafa marefu mpaka alipostaafu. Zamani yeye na shemeji yake Timazi walitaniana kutwa. Lakini Timazi alikuwa chama cha Kengele, damu na nyama. Dereva naye alikuwa chama cha Ngazi. Tangu uchaguzi uliopita, utani ulikuwa umegeuka maneno makali, na maneno makali yakageuka kununiana. Wakikutana, ni salamu tu, kila mtu na njia yake.

Mama Sweta alikuwa na presha. Zahanati ya kata ilikuwa haina dawa kwa muda mrefu, kwa hiyo alinunua dukani. Ili zisiishe haraka, alikunywa leo, kesho akaruka.

"Sijisikii vibaya," alimwambia mumewe. "Kwa nini nizimalize bure?"

Timazi aliona mkewe ana akili ya kubana matumizi.

Asubuhi moja mashine ilinyamaza ghafla. Timazi aliita, "Mama, uzi umekatika?" Hakujibiwa. Aliingia ndani, akamkuta ameegemea mashine. Mdomo ulikuwa umeenda upande. Mkono wa kulia ulining'inia. Alijaribu kusema, lakini maneno yalitoka yamevurugika.

Timazi alikimbilia ukuta uliotenganisha nyumba yake na ya Dereva.

"Shemeji! Shemeji, njoo! Dada yako!"

Dereva alitokea mbio, povu la sabuni bado kidevuni. Walimbeba wawili wao hadi kwa jirani yao Mwalimu, mama mstaafu aliyefundisha uraia shuleni. Yeye alikuwa na gari kuukuu. Alimrushia Dereva ufunguo na kusema, "Endesha wewe, mimi nitamshika kichwa."

Hospitalini muuguzi alimpokea mgonjwa upesi. Baadaye alitoka kuzungumza na familia.

"Ni kiharusi," alisema. "Mmemwahisha, mmefanya vizuri sana. Alikuwa anakunywa dawa za presha?"

"Anakunywa," Timazi alijibu. "Ila siku nyingine anaruka. Zinakosekana."

Muuguzi alikaa karibu naye.

"Baba, dawa ya presha si kama ya kichwa, kwamba unangoja kikuume ndipo unywe. Inanywewa kila siku, hata ukijisikia mzima. Ukiruka, presha hupanda kimyakimya. Na siku ukiona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea, au maneno hayaeleweki, usingoje apumzike. Mlete saa hiyohiyo, kama mlivyofanya leo."

Timazi aliinamisha kichwa. Alitamani angelijua hilo mapema.

Muuguzi alipoondoka, Dereva alianza. "Unaona mambo ya diwani wenu wa Kengele? Zahanati haina hata kidonge!"

"Wetu?" Timazi alifoka. "Ninyi Ngazi ndio mnaomkwamisha kule kwenye baraza la mji!"

"Mgonjwa wenu yuko nyuma ya mlango huo," Mwalimu alisema, "na ninyi mnapiga kampeni?"

Wote wawili walinywea.

Mwalimu aliendelea kwa upole. "Mmewahi kwenda kwenye kikao cha baraza la mji? Mimi huenda. Kuna viti nyuma kwa ajili ya wananchi, na karibu kila mara nakaa peke yangu. Mwaka jana Kengele walileta hoja ya kutenga fedha za dawa za wazee. Ngazi wakaipinga. Mwaka huu Ngazi wameleta hoja ileile, wamebadilisha maneno kidogo. Kengele wakaipinga."

"Kwa nini?" Dereva aliuliza.

"Kila upande hautaki mwenzake apate sifa. Na hakuna chama chenye viti vya kutosha kupitisha jambo peke yake."

Dereva alimtazama kama hakusikia vizuri. "Yaani dada yangu amelala pale kwa sababu ya sifa?"

"Nanyi mmewasaidia," Mwalimu alisema. "Timazi, Kengele wanajua utawapigia kura, mvua inyeshe, jua liwake. Dereva, Ngazi wanajua hivyohivyo kuhusu wewe. Mtu ambaye kura yake tayari unayo, utamhangaikia ya nini?"

"Sasa tuhame vyama?" Timazi aliuliza.

"Sijasema mhame. Kura ni yako na ni siri yako. Nasema mdai pamoja. Uchaguzi umekaribia. Waiteni wagombea udiwani wote wawili siku moja, ukumbi mmoja. Waulizeni swali moja, watu wote wasikie. Kisha baada ya uchaguzi msirudi kulala. Fuatilieni."

Mama Sweta aliporudi nyumbani, alitembea kwa kushikiliwa. Mashine ilifunikwa shuka. Kila Timazi alipoipita, moyo ulimwuma. Jioni moja alivaa viatu, akaenda kugonga kwa shemeji yake.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Kwa wazee wenzetu. Mimi nawajua wa Kengele, wewe unawajua wa Ngazi."

Walizunguka mitaa pamoja. Watu waliwashangaa. Bibi mmoja muuza mkaa aliwapima juu mpaka chini. "Ninyi wawili njia moja? Nani kafa?"

"Hajafa mtu," Dereva alijibu. "Na ndiyo maana tumekuja mapema."

Walikubaliana mambo mawili ya kudai: dawa za presha na sukari zisikosekane zahanati, na posho ilipwe katika ofisi ya kata, siku inayojulikana. Tena walikubaliana kwamba siku ya mkutano hakuna kofia ya chama wala wimbo wa chama.

Ukumbi wa kata ulijaa mpaka madirishani. Mgombea wa Kengele, kijana mwenye suti iliyonyooka, alisimama kwanza.

"Wazee wangu, wenzetu wa Ngazi wamewaangusha..."

Timazi aliinuka. Alikuwa hajawahi kumkatiza mtu wa chama chake.

"Mwanangu, mimi ni Kengele kabla hujazaliwa. Leo sikuja kusikia mabaya ya Ngazi. Swali langu ni hili. Hoja ya dawa za wazee ikiletwa na Ngazi, utainyooshea mkono?"

"Mzee, hilo linategemea..."

Watu walianza kuguna. Ndipo Mama Sweta akainuka, kaka yake akimshika kiwiko. Ukumbi ukatulia. Alisema polepole, neno moja moja.

"Presha... haikuniuliza... mimi ni chama gani."

Yule kijana aliutazama mkono wa Mama Sweta uliolegea. Kisha akasema, bila kipaza sauti, "Nitainyooshea mkono, mama. Hata ikiletwa na wao."

Dereva naye alimwuliza mama aliyegombea kwa Ngazi swali hilohilo. Mama huyo alijua hana pa kukwepea. Alisema ndiyo.

Siku ya uchaguzi alishinda yule mama wa Ngazi. Siku hiyo Timazi alikula chakula kidogo, na Dereva, kwa mara ya kwanza, hakumchokoza.

Vikao vya baraza vilipoanza, wazee walijaza viti vya nyuma. Mara ya kwanza hoja ya dawa na posho iliahirishwa. Walirudi. Ikaahirishwa tena. Dereva alikasirika, akasema haji tena, lakini kikao kilichofuata ndiye aliyewapitia wenzake majumbani. Yule kijana wa Kengele, ingawa alishindwa, alikuwa akiwafuata madiwani wa chama chake mmoja mmoja, kuwaomba wasiipinge. Mwishowe hoja ililetwa na madiwani wawili, mmoja wa kila chama. Mikono ilinyooka pande zote mbili. Wazee wengine walilia pale pale.

Dawa zilifika zahanati. Posho ilichelewa zaidi. Iliwabidi warudi barazani mara kadhaa kukumbusha. Lakini sasa inalipwa ofisi ya kata, na watu huifuata kwa miguu, hakuna nauli. Mama Sweta anakunywa dawa yake kila siku. Mkono umerudi nusu, na kwa mazoezi ameanza kufuma tena. Mumewe hukaa kando yake na kumvutia uzi.

Jumanne ni siku ya kliniki ya wazee pale zahanati. Juzi Timazi alimsindikiza mkewe kama kawaida. Muuguzi wa hapo alimpima Mama Sweta, akatabasamu. Kisha akamgeukia Timazi.

"Na wewe baba, leta mkono."

"Mimi? Mimi mzima kabisa."

"Hivyo ndivyo wasemavyo wote."

Alimpima, akampima tena. Presha ilikuwa juu. Alimwandikia dawa na kumweleza namna ya kuinywa. Timazi alitoka nje ameshika pakiti, uso umemshuka. Dereva alikuwa kwenye benchi akingoja zamu yake, kumbe naye anatumia dawa hizohizo.

Aliiona pakiti. Alisogea, akampisha shemeji yake nafasi.

"Karibu chamani," alisema.

Timazi alijaribu kununa. Akashindwa, akacheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.