Kinyozi Aliyemnyoa Paka

Jumapili ile nyumba ilikuwa imetulia tuli. Fundi cherehani alikuwa anashona upindo wa gauni la mteja, mumewe kinyozi amejinyoosha kwenye kochi, na mtoto wao Kibonge, wa miaka miwili, amelala mkekani amemkumbatia paka. Paka huyo walimwita Bosi, kwa kuwa hakuwahi kufanya kazi yoyote. Picha nzuri, eti? Subirini.

Kibonge aliamka akipiga chafya. Macho mekundu, pua inachuruzika, na kifuani mlio kama wa filimbi. Mama akasimamisha cherehani.

"Baba Kibonge, daktari alisema nini juu ya huyu paka?"

"Daktari, daktari! Mtoto ana mafua."

"Mafua gani yasiyoisha? Alipokaa kwa shangazi yake alikohoa? Hakukohoa. Karudi, kamkumbatia Bosi, kaanza tena. Ni mzio. Huyu paka atafutiwe pa kwenda."

"Mimi nashinda kwenye nywele za watu. Zinaingia kwenye chai, zinaingia kwenye soksi. Umewahi kuniona napiga chafya?"

"Mapafu si yako!"

Kinyozi akacheka. Nanyi msicheke naye. Wangapi wenu mmemwambia mama wa watu kwamba anamdekeza mtoto, kwamba ninyi mlilala na paka na kuku na hamkufa? Waliokufa hawapo hapa kubisha.

Kesho yake mama alimwacha Kibonge na baba yake, akapeleka gauni kwa mteja. Aliporudi, alisikia mashine ya kunyolea ikinguruma sebuleni. Akasukuma mlango. Kinyozi amempakata Bosi, manyoya yametapakaa kwenye kochi, kwenye mkeka, mpaka kwenye mto wa mtoto. Bosi mwenyewe alikuwa kama kuku aliyenyonyolewa.

"Kazi imekwisha," kinyozi akasema kwa majivuno. "Hakuna nywele, hakuna mzio. Na sikutozi."

Mama akashika kichwa. Kabla hajamnyanyua Kibonge mkekani, Bosi, akitetemeka kwa baridi, alikwisha kumrukia, na Kibonge akasugua uso wake kwenye ngozi ile tupu.

Haikuchukua muda. Filimbi ya kifuani ikageuka msumeno. Mbavu zikawa zinabonyea kila akivuta pumzi, midomo ikaanza kupoteza rangi. Alitaka kulia, sauti haikutoka. Ndugu zangu, ombeni msimwone mtoto anayeshindwa kulia.

"Lakini nimemnyoa," kinyozi akawa anasema, mashine bado mkononi. "Si nimemnyoa?"

"Nipishe mlangoni!"

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili, mama alifika anahema kuliko mtoto, kinyozi akimfuata nyuma. Walimfunika Kibonge pua na mdomo kwa kifaa cha dawa ya kuvuta, na taratibu ule msumeno ukanyamaza. Ndipo daktari alipomwuliza kinyozi kwa nini ana manyoya mpaka kwenye nyusi. Akaeleza. Daktari akamwokota unywele mmoja begani.

"Kaka, shida si nywele. Ni mate ya paka na vumbi la ngozi yake. Nywele zinabeba tu. Wewe umelipeperusha vumbi hilo nyumba nzima, halafu ukamvua paka koti, mtoto akaigusa ngozi yenyewe."

Mama akambeba mtoto. Alikwisha kuyamaliza maneno yake nyumbani.

Siku hizi Bosi anaishi kwa fundi viatu, mkabala na kibanda cha kinyozi, na kinyozi humtembelea mchana. Jioni akirudi, Kibonge hukimbia mlangoni, mikono imefunguliwa. Yule yule aliyecheka hurudi nyuma hatua moja.

"Simama hapo hapo, mwanangu. Baba hajabadili shati."

Funzo

Mtoto akikohoa kila amshikapo mnyama, msiite mafua, msiite deko. Mpelekeni hospitali, na mkiambiwa mnyama aondoke, aondoke yeye pamoja na manyoya yake kwenye mikeka na mito. Msibuni tiba yenu. Paka atapata nyumba nyingine. Mtoto hana kifua kingine.