Nani Ana Simu ya Marehemu Mama?

Siku thelathini na tano baada ya kumzika mama... mama akanipigia simu!

Msicheke. Najua mnanijua kwa mizaha, lakini hii siyo mzaha.

Nilikuwa kwangu Wanyange, Jinja, napiga mswaki nje. Simu ikaita. Nikaangalia kioo: MAMA.

Mswaki ulianguka!

"Haloo?"

Kimya... Pumzi tu. Halafu ikakatwa.

Haraka nikampigia dada yangu Jamirah, anayekaa na baba nyumbani kwetu Namatala, Mbale.

"Simu ya mama iko wapi?"

"Zubairi, niache. Sina hamu ya mizaha yako."

"Imenipigia sasa hivi!"

"Ehe, na marehemu anasemaje?" Akakata.

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Tangu msiba, Jamirah ndiye mama mpya. Leso za mama anavaa yeye. Funguo za sanduku la mama anazo yeye. Nani ale nini, anaamua yeye. Sasa na laini ya mama kachukua?

Kesho yake asubuhi, tena. MAMA. Kimya. Pumzi.

Safari hii nilikuwa tayari. Sheria niliisoma miaka miwili nikaacha, lakini sauti ya afande sijaacha!

"Hapa ni polisi Jinja! Wewe mwizi wa simu ya marehemu! Tunajua ulipo! Tunakuja kukukamata!"

Ikakatwa fasta. Haikunipigia tena.

Nikasema moyoni, nimekupata Jamirah. Siku ya arobaini nakuumbua mbele ya watu wote!

Arobaini ikafika. Nyumba imejaa, pilau inanukia, watu wako kwenye mikeka wanamsubiri shehe. Jamirah anapita na leso ya mama kiunoni, anaamrisha.

"We Zubairi, hata maji ya kunawa hujawapa wageni!"

"Subiri kidogo, bi mkubwa."

Nikatoa simu. Nikabonyeza MAMA. Macho yangu yako kwake tu.

Ikaita... chumbani kwa baba!

Jamirah akanitazama. Nikamtazama. Tukakimbilia mlango.

Baba yetu, Mzee Mukama, askari mstaafu ambaye sijawahi kumwona akiogopa, alikuwa amekaa kitandani. Viatu kavaa. Mfuko wa nguo uko miguuni. Simu ya mama inalia mkononi, hajui aizime vipi.

"Wamefika?" akauliza.

"Nani, baba?"

"Polisi. Afande mmoja wa Jinja aliniambia wanakuja. Nilikaa na hii simu bila kuwaambia nyinyi, ni kosa. Waambie wangoje dua iishe, halafu twende."

Jamani... nikakata simu yangu!

"Baba, mbona ulikuwa unapiga halafu unanyamaza?"

"Ningesema nini? Mama yenu ndiye alikuwa anaongea na nyinyi. Mimi nilikuwa nasema tu, 'mwambie namsalimu.' Alinionyesha, bonyeza kijani mara mbili, utamsikia Zubairi. Nikabonyeza. Nikakusikia. Nikatosheka. Mara ya pili akatoka afande."

"Baba... yule afande ni mimi."

Jamirah alinichapa kofi la mgongo, pwaa! Halafu akakaa chini akaanza kulia. Tangu msiba hakuwa amelia hata siku moja. Angelia saa ngapi, na nani angepika?

Baba akaanza kuvua viatu.

"Sauti ni nzuri," akasema. "Lakini afande wa kweli anataja jina lake kwanza."

Wasomaji wangu, mtu akifa, kabla hujauliza nani kachukua vitu vyake, uliza nani kaachiwa kazi yake bila kufundishwa. Mimi niliwinda mwizi, kumbe ni mzee amekosa wa kumsalimia watoto.

Siku hizi MAMA ananipigia kila asubuhi. Jina sijabadilisha. Kwanza nasikia mtu anakohoa, halafu sauti nzito:

"Zubairi. Baba yako anakusalimu."

"Mwambie nami namsalimu."