Mbegu ya Kuku wa Tryphena

Kila asubuhi, kabla hajachemsha chai, Zephaniah alifungua banda la kuku nyuma ya nyumba yake kule Bura. Siku hizi alilifungua kwa hofu. Asubuhi hiyo alitoa vifaranga watatu. Wamekufa, kinyesi cheupe kimewagandia nyuma.

Hao walikuwa wa mwisho. Uzao wa tatu ulikuwa umeisha hivyo hivyo. Walibaki jogoo na jike mmoja, aliyelalia mayai kumi na mawili ndani ya karai kuukuu.

Kuku hao aliwaleta mkewe, Tryphena, alipoolewa. Kabla hajafa, mwaka juzi, alimwambia, "Baba Evelyn, mbegu yangu isikuishie mkononi."

Zephaniah akafungua kidonge cha rangi mbili, akamwaga unga wake kwenye chakula. Dawa ya watu hiyo. Majirani wote waliwapa kuku wao kila Jumamosi, wagonjwa na wazima.

"Hodi!" Alikuwa Wamalwa. Zamani alikata mkonge. Sasa amesomea afya ya mifugo, anazunguka vijijini kwa pikipiki.

"Karibu. Mluhya hapitwi na kitoweo cha kuku, umesikia harufu."

"Hawa wako hata mimi siwali, mzee. Hicho kidonge ni cha nini?"

"Cha kinga. Afisa wenu wa mifugo tulimwona mara ya mwisho wakati wa kura, akatuachia kofia za kampeni. Si tujitibu wenyewe?"

"Hapo husemi uongo. Lakini kuku hajui mambo ya kura." Wamalwa akachuchumaa. "Kijidudu ukikichapa kila wiki kwa fimbo ile ile, kinazoea. Siku ya ugonjwa wenyewe, fimbo haikiumi tena. Na vijidudu hivyo vinahamia kwa watu. Dawa ya hospitali inashindwa."

Zephaniah akalitazama ganda la kidonge mkononi. Tryphena alikufa kwa kidonda cha mguuni kisichopona. Hospitalini walimbadilishia dawa mara tatu. Zephaniah alimlaumu daktari, akamlaumu waziri.

"Kwa hivyo ni mimi?"

"Hakuna awezaye kusema hivyo, mzee wangu. Vinatoka pengi. Lakini huu mlango wako tunaweza kuufunga."

Wamalwa alieleza polepole. Kuna asidi za kuchanganya na chakula cha kuku. Uchachu wake ni kama wa ndimu au maziwa ya mala. Vijidudu vingi vibaya vya tumboni haviupendi uchachu. Vile vizuri huuvumilia.

"Basi niwamiminie ndimu?"

"Hapana! Nunua asidi ya kuku, kwenye duka la dawa za mifugo. Pima kama karatasi yake inavyosema. Ikizidi, itawachoma koo na watasusa chakula. Changanya kwanza na chakula kidogo, halafu na kile kingine chote."

"Na kuku akiugua?"

"Hiyo asidi si tiba. Mtenge, uniite. Daktari wa mifugo akiamua dawa, mpe mpaka siku zake ziishe, na usile mayai wala nyama mpaka siku alizokutajia zipite. Chanjo usiache. Na haya maranda ya mbao uliyowatandikia yameloa, yatoe leo."

Zephaniah alinung'unika, lakini alitoa maranda. Akaosha vyombo vya maji. Akanunua asidi, akaichanganya na chakula kwa kipimo cha karatasi. Chakula akakiinua juu ya mbao, kisipate unyevu.

Mayai kumi yakaanguliwa. Wiki ya kwanza akafa kifaranga mmoja. Zephaniah hakula siku hiyo. Wiki ya pili hakufa hata mmoja. Wala ya tatu. Miezi saba baadaye, majike sita walikuwa wanataga.

Habari zikafika kwenye baraza la chifu.

"Mzee Zephaniah atufundishe," chifu akasema.

"Mimi? Niliyeishia darasa la tatu? Na nyinyi mnaolipwa mshahara mfanye nini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliwatazama akina mama waliokaa nyasini, kila mmoja na banda lake lisilo na kifaranga.

"Njooni Alhamisi," akasema. "Leteni vidonge mnavyowapa kuku, tuvirudishe zahanati. Atakayeleta, nitampa mayai ya mbegu ya Tryphena, kuku wake ayalalie."