Kazi ya Ijumaa

Tiki ya kwanza ambayo Esnath hakuiweka mwenyewe ilikuwa ya kumwagilia mboga.

Esnath alifundisha hesabu kwenye sekondari moja huko Uyole. Mumewe, Saulo, alikuwa dereva wa lori, wiki nzima hayupo, kwa hiyo nyumbani alibaki na wifi yake Happy, binti wa miaka kumi na tisa aliyetoka Ipogolo, Iringa, kuja kujifunza cherehani. Shughuli zilipomzidi, Esnath aliweka kwenye kompyuta yake programu ndogo ya kupanga kazi. Unaandika kazi, unaandika siku yake, ukimaliza unaweka tiki. Basi. Kompyuta yenyewe aliinunua Mbalizi, ikiwa imeshatumika.

Asubuhi ile alikuta kazi ya kumwagilia ina tiki. Akatoka nje. Matuta ya figiri yalikuwa yamelowa, na mvua haikunyesha.

"Happy, umeshika kompyuta yangu?"

"Hapana, wifi. Hata kuiwasha sijui."

"Mboga nani kamwagilia?"

"Si wewe? Nimekusikia unapita na ndoo."

Esnath hakumwamini.

Siku mbili baadaye alikuta nguo zimepigwa pasi kabla ya siku yake, zinanuka nywele zilizoungua. Kisha yakafuata madaftari ya kidato cha tatu, arobaini na mawili, yamesahihishwa yote kwa wino mwekundu. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, lakini kalamu ilikandamizwa mpaka karatasi zikatoboka. Happy aliishia kidato cha pili, hesabu zile asingeziweza. Basi Esnath akaanza kuwaza kwamba wifi yake anaingiza mwanaume ndani, mtu aliyesoma, na wote wawili wanamcheka. Akaanza kufunga chumba kwa kufuli. Akahesabu vikombe vichafu kwenye beseni. Siku moja alijikuta ameinama ananusa mashuka ya Happy.

"Wifi, nikuulize, usikasirike," Happy alimwambia kwa sauti ya chini wakimenya viazi. "Mchana ukiwa shule, nani anatembea chumbani kwako?"

"Atembee nani, na nimefunga?"

"Sijui. Anatembea na ndala zako."

Esnath aliona huo ni ujanja wa kujificha. Jumapili, kwa hasira, alifungua programu akaandika: Kumtoa Happy nyumbani. Ijumaa. Alimaanisha kumrudisha kwa mama yake, hakuna zaidi.

Jumatano, akiwa darasani, simu ikaita. Alikuwa Damari, jirani yake.

"Mwalimu, mnaenda wapi na Happy? Nimekuita, hata kugeuka hukugeuka."

"Mimi niko shule, Damari. Nina chaki mkononi."

Damari akanong'ona, "Sasa yule aliyemshika mkono ni nani? Amevaa kitenge chako."

"Wameelekea wapi?"

"Barabara kuu."

Hapo ndipo Esnath alipokumbuka kwamba hakuna kazi hata moja iliyosubiri siku yake, akatupa chaki, akakimbia bila kuaga mtu, akapita katikati ya magunia ya viazi sokoni huku watu wakimshangaa, na kadiri alivyokaribia lami ndivyo ile harufu ya nywele zilizoungua ilivyozidi kumjaa puani, mpaka akamwona Happy amesimama ukingoni mwa barabara, macho wazi, mkono mmoja ameunyoosha mbele kama mtoto anayevushwa na mama yake, na aliyemshika haonekani, na lori la mbao linakuja kwa kasi likipiga honi.

"Nimeifuta!" Esnath alipiga kelele. "Kazi hiyo nimeifuta! Simtaki atoke, ni mtu wa nyumbani kwangu!"

Mkono wa Happy ukaanguka. Akakaa kwenye changarawe, na lori likapita likimfunika vumbi. Kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na alama tano nyeusi za vidole.

"Ulikuwa wewe, wifi," alilia. "Uliniambia twende."

Esnath alimkumbatia, akamweleza yote, hata lile la kunusa mashuka. Aibu ilimuuma kuliko hofu.

Saulo alirudi Alhamisi alfajiri. Mchungaji Lusekelo alikuja na akina mama watatu wa maombi, wakaomba chumba kwa chumba hadi saa sita mchana, na wote wakasikia ndala zikijikokota uani, zikavuka geti, zikapotea. Kompyuta waliichoma moto nyuma ya nyumba. Harufu ikaisha. Hata hivyo Happy alikataa kulala pale usiku mwingine baada ya ule wa Alhamisi, na Ijumaa asubuhi Saulo akampandisha basi la Iringa.

Saa tisa alasiri Saulo alimpigia mama yake, Mama Paskalina, akaweka sauti kubwa ili na mkewe asikie.

"Kafika, baba," mama alisema. "Ila haongei, kakaa tu anamkodolea wifi yake macho. Mkeo huyu nimshukuruje, kumsindikiza safari yote hiyo! Nimempa ugali, hajaugusa. Sasa hivi wameingia chumbani wamejifungia."

Saulo alimtazama Esnath, aliyekuwa amesimama mbele yake na mwiko mkononi.

Esnath akaipokonya simu. "Mama! Vunja huo mlango!"

"We nani?" mama aliuliza.