Dakika Ishirini za Valeria

Kila Jumamosi mimi huamka kabla Mama hajaniita. Natafuta sweta, maana baridi ya Sumbawanga mwezi wa sita haina utani na mtu. Nachota maji bombani, nafagia uwanja, kisha nachambua maharage na kuyabandika jikoni. Ikifika saa nne nimemaliza kila kitu, na hakuna mtu nyumbani mwenye sababu ya kuniuliza ninakwenda wapi. Lakini wanauliza hivyo hivyo.

"Gaudiosa, unakwenda kwenye magari yako ya hewa?" Baba huniuliza.

"Ninakwenda kwenye timu yangu, Baba."

"Gari lisilobeba hata debe moja la mahindi!" husema, kisha hucheka peke yake. Baba yangu, mzee Amos, ni dereva wa Fuso. Hubeba mahindi kutoka Matai mpaka mjini, na kwake gari ni kitu cha kubebea mzigo.

Basi niseme wazi, nisije nikachekwa na ninyi pia. Nina miaka kumi na mitatu, nasoma darasa la saba, nami ni dereva na mmiliki wa timu ya mbio za magari. Magari yenyewe yamo ndani ya kompyuta. Unaketi, unashika usukani wa kweli, unakanyaga pedali za kweli, na kwenye kioo barabara inakujia kwa kasi. Matairi yanalika, mafuta yanaisha, na ukikata kona vibaya gari linapinduka. Unashindana kwa njia ya intaneti na watu walioko Mbeya, Arusha au Tanga. Anayedhani ni mchezo wa kubonyezabonyeza tu, aje akae kwenye kiti chetu dakika tano. Atainuka na jasho, baridi iwepo isiwepo.

Kiti chetu ni kiti cha basi. Kilitolewa kwenye basi bovu la kina Saad, mwenzangu wa timu, maana ukoo wao husafirisha abiria kati ya Sumbawanga na Namanyere. Mama yake Saad, Bi Kulsumu, ana duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na soko. Ndiye aliyetupa kompyuta moja na pembe ya duka, kwa sharti kwamba kila Jumamosi tupange karatasi zake na kufagia. Pedali alituchomelea fundi Leonsi kwa vyuma chakavu na springi za mlango. Timu tuliiita Mbizi, kwa jina la milima yetu. Mimi nikawa mmiliki kwa sababu ndimi niliyeiwaza, nikaiomba, nikakataliwa mara tatu, nikaomba tena.

Madereva tulikuwa watatu: mimi, Saad, na Valeria ninayekaa naye dawati moja. Baba alikubali kwa shingo upande.

"Nina masharti mawili," alisema. "Usishuke darasani, na usidanganye mtu kwa ajili ya mchezo huo. Siku nitakaposikia moja kati ya hayo, kiti cha basi kitarudi kwenye basi."

Ligi ilikuwa na timu ishirini na mashindano sita. Timu sita bora zingeingia fainali. Kila shindano lilichukua saa moja, na kila dereva aliendesha dakika ishirini. Siku ya kwanza kabisa, Dominiko, nahodha wa timu moja ya Mbeya, alisikika kwenye spika akisema, "Sumbawanga? Huko si wanaendesha matrekta?"

"Tunaendesha, na hatuombi kusukumwa," nilimjibu. Tangu siku hiyo nilitaka kufika fainali kuliko nilivyotaka nguo ya sikukuu.

Siku ya shindano la tano Valeria alifika amejifunga kanga mbili na meno yakigongana. Wiki moja kabla alikuwa Milepa, kule bondeni kwenye joto na mbu, akimsaidia bibi yake shambani. Alisema ni baridi tu. Saad aliendesha, nikaendesha mimi, kisha Valeria akaketi na kubonyeza jina lake. Ndipo nikaona mikono yake inavyotetemeka. Hakuweza hata kuushika usukani.

"Inuka," nikamwambia. "Nakumalizia mimi."

Sikufikiri mara mbili. Kwetu, siku ya kulimiana mashamba kwa zamu, mtu akiugua katikati ya kazi hakuna anayemfukuza shambani. Wenzake huulima mstari wake mpaka mwisho, na jioni mstari ule huitwa wake. Ndivyo nilivyolelewa. Saad akakimbia kumwita mama yake, nao wakampakia Valeria kwenye bajaji hadi hospitali. Mimi nikabaki kwenye kiti, juu ya kioo kukiwa na jina la Valeria, nikaendesha dakika zake ishirini.

Tulimaliza wa tatu. Katika msimamo wa ligi tukapanda hadi nafasi ya sita. Hospitalini walimpima Valeria wakakuta malaria, wakampa dawa, na Bi Kulsumu akamgombeza kwa kuificha homa. Niliona mambo yote yamenyooka.

Siku ya Jumatano, tukiwa dukani sote watatu, ujumbe ukaingia kutoka kwa Anko Mboje, msimamizi wa ligi. Alitupongeza, kisha akazikumbusha timu zote kanuni ya tisa: dereva haruhusiwi kuendesha kwa jina la mwenzake, na timu ikifanya hivyo inapoteza alama zote za shindano hilo. Nikaisoma mara mbili. Kanuni hizo zilikuwa kwenye fomu tangu mwanzo. Mimi, mmiliki, niliweka alama mahali palipoandikwa "nimesoma", na sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja.

"Nani ameona?" Saad akasema. "Tulikuwa sisi na kiti cha basi. Kiti hakisemi."

"Tukisema, fainali ndiyo basi tena," Valeria akasema huku machozi yakimlengalenga. "Na kosa ni langu, ningebaki nyumbani."

"Si lako. Wewe ulikuwa mgonjwa. Kosa ni la mwenye timu, na mwenye timu ni mimi!" Nilifoka kama vile wao ndio waliokosea. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa.

Nikaenda nyumbani. Nilimkuta Baba uwanjani akikaza nati za gurudumu la Fuso.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana?"

"Baba, mtu akiugua siku ya kulimiana, ukamlimia mstari wake, mstari ni wa nani?"

"Wa mgonjwa. Hilo hata mtoto mdogo analijua."

"Na ukimwendeshea gari?"

Spana ikasimama. Nikamweleza yote, hata ile alama niliyoiweka bila kusoma. Nilikuwa tayari kusikia habari ya kiti kurudi kwenye basi.

"Shamba halina leseni," akasema mwishowe. "Barabara inayo. Mimi nikiugua, hata ndugu yangu wa tumbo moja haendeshi kwa leseni yangu. Wanaopishana nami njiani wamekubali kupishana na Amos, si na yeye. Wenzako walikubali kushindana na Valeria, wewe ukawaletea Gaudiosa."

"Nilikuwa namsaidia, Baba. Sikukusudia kumdanganya mtu."

"Najua. Mpaka jana ulikuwa umekosea tu. Leo umekwisha kujua, na ukinyamaza leo, hapo ndipo unadanganya." Akaendelea kukaza nati. "Kuhusu hicho kiti, nitasema nikishaona utakavyofanya."

Nikarudi dukani karibu nikimbie. Nikamwomba Bi Kulsumu simu, nikampigia Anko Mboje mbele ya wenzangu.

"Shikamoo, anko. Mimi ni Gaudiosa wa timu ya Mbizi. Shindano la tano, dakika za Valeria niliendesha mimi. Sikuwa nimesoma kanuni. Tuondolee alama."

Anko Mboje akauliza, "Binti, unajua hakuna aliyelalamika?"

"Najua. Tuondolee hivyo hivyo. Lakini shindano la mwisho tutakuja, anko. Hatujitoi."

"Nitawaondolea, na mtaanzia mkiani," akasema. "Njooni basi."

Tukaanguka hadi nafasi ya kumi na moja. Ili tuingie fainali ilitubidi tumalize ndani ya tatu bora, tukianzia nyuma ya timu kumi na tisa. Saad alininunia siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta dukani peke yake akizipaka pedali mafuta.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Kama tunaanzia mkiani, pedali zisilie."

Jumamosi ile Baba alikuja dukani kwa mara ya kwanza, na ovaroli lake lenye grisi. Bi Kulsumu akampa kiti, naye akakaa mikono kifuani kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

Ligi ilikuwa imetangaza adhabu yetu, na kwenye spika Dominiko hakukosa neno. "Mbizi, leo anaendesha nani kwa jina la nani?"

Saad alianza, akawapita watano. Nikashika mimi, nikawapita sita, mkono ukaniuma mpaka begani. Tulipokuwa wa tisa Valeria akaketi. Alikuwa amemaliza dawa, amepona, ingawa mashavu yalikuwa bado yamebonyea. Akabonyeza jina lake, akashika usukani, na mikono ikatulia.

Sijawahi kumwona Valeria akiendesha namna ile. Wa nane. Wa saba. Wa sita. Baba akashusha mikono kutoka kifuani. Zikiwa zimebaki dakika mbili Valeria akampita Dominiko kwenye kona ya mwisho, kwa ndani, pale ambapo wote huogopa kupita. Wa tano. Kisha wa nne. Gari la tatu lilikuwa mbele yetu, tunaliona, tunalikaribia, na mstari wa kumalizia ukafika kwanza.

Nafasi moja tu. Fainali ikatupita hivyo, na sitasema haikuniuma. Iliniuma sana. Valeria aliinamia usukani akalia, nami nikalia naye.

Spika ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Dominiko, bila kejeli safari hii. "Mbizi, samahani. Nani alikuwa anaendesha hizi dakika za mwisho?"

Nikafuta uso, nikasogelea kinasa sauti. "Valeria," nikasema. "Valeria mwenyewe."

Baba akainuka. Alikishika kile kiti, akakitikisa kidogo kama akaguavyo mzigo kabla ya safari.

"Kiti kinabaki hapa," akasema. Kisha akatugeukia sote watatu. "Sikilizeni, wanangu. Mwenzako akiugua, mpeleke hospitali, msaidie kwa kila kitu ulicho nacho. Lakini jina lake usilivae. Na ukigundua umekosea, sema mapema, wewe mwenyewe, kabla hujaulizwa. Mngeenda fainali kwa kunyamaza, Valeria angejibu nini siku akiulizwa nani aliendesha zile dakika zake?"

Valeria alikuwa amekwisha kunyanyua kichwa.

"Nilisema gari lenu halibebi hata debe la mahindi," Baba akaendelea. "Leo nimeliona likibeba jina la mtu, na halikulidondosha njiani."

Fomu ya ligi mpya ilipofika, nilimketisha Baba uwanjani nikamsomea kurasa zote kumi na moja kwa sauti, hata alipoanza kusinzia. Kisha mahali palipoandikwa "nimesoma" nikaweka alama.