Gauni la Njano Katikati ya Ziwa

"Kitendawili!"

"Tega," fundi cherehani alijibu akihema, mkono ubavuni. Ngazi mia na arobaini si mchezo.

"Ki karibu na jicho, ki mbali na mkono."

"Pua?"

"Pua yako huifikii?" Mlinzi wa mnara alicheka. "Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua wangu wote, babu. Jumamosi naolewa, nahamia mji mpya."

Wakafika juu. Msitu ulitanda kila upande, maziwa mawili yakimeta katikati. Mzee yule hushinda hapo kutwa na darubini yake, akichunga moshi usije ukawa moto. Fundi alikuja kutafuta mahali pa kupigia picha za harusi. Alitaka waje wote na mchumba wake, fundi simu ambaye mtaa mzima humwita Daktari, lakini Daktari alisema kazi zimembana.

"Shika darubini, uchague," mlinzi alisema.

Akaona boti ya kasia. Ndani yake mwanamke mwenye gauni la njano, mikono ya kijani. Fundi akatabasamu. Kazi yake mwenyewe ile! Mteja wake huyo, amempanulia gauni mara mbili tumbo likikua, wakicheka wote. "Mchumba wangu ana haya, fundi, ndiyo maana humwoni," mteja humwambia.

Akasogeza darubini amwone huyo mwenye haya.

Tabasamu likamkauka. Akapiga simu.

Kule ziwani Daktari akatoa simu mfukoni, akaikata, akaandika kitu, akairudisha. Simu ya fundi ikatetemeka: *Niko dukani mpenzi. Wateja wamejaa mpaka mlangoni.*

"Babu, nifanyeje?"

Mzee alitazama, akaelewa. "Kufika ufukweni ni mwendo wa saa nzima. Nikiona moto, huita wenzangu kwa redio. Huu wako, mwanangu, sina wa kumwita."

Fundi akapiga tena. Safari hii ikapokelewa.

"Uko wapi?"

"Si nimekwambia dukani?"

"Mbona nasikia maji?"

"Bomba hilo. Nanawa mikono."

"Basi mwambie bomba lako asinyanyue mkono wa kushoto. Jana aliniharakisha, kwapa la gauni nimelishikiza kwa uzi mmoja tu."

Daktari akaruka wima, akageuza shingo kama kuku aliyesikia mwewe. Alitazama ufukweni, akatazama vichakani. Juu hakutazama. Boti ikalala upande, mwanamke akang'ang'ania ukingo.

"Kaa chini!" fundi alipiga kelele. "Mwenzio ana mimba! Utamzamisha, kaa!"

Akaibana simu begani, akanyoosha mkono amshike yule mwanamke, jinsi alivyokuwa karibu ndani ya darubini. Vidole vikagonga chuma cha mnara.

Daktari akaketi kwa kishindo. Boti ikatulia. Simu bado ilikuwa hewani.

"Nani huyo?" sauti ya mwanamke.

"Mteja tu. Simu yake mbovu."

"Hebu nipe. Haloo?"

"Ni mimi, fundi wako."

"Fundi! Umemjuaje mchumba wangu?"

Fundi alitafuta neno la upole, akalikosa.

"Jumamosi ananioa."

Gauni la njano likajikunja kama limetolewa mwili. Ataenda wapi, naye yuko katikati ya maji? Na makasia yote mawili yameshikwa na yule yule aliyemdanganya.

"Fundi," akalia, "mwambie anirudishe."

Daktari aliwekewa simu sikioni.

"Mrudishe," fundi alisema. "Polepole. Na usimguse."

Makasia yakaanza kupiga maji. Ziwa likawa refu ajabu. Mwanamke aliirudisha simu sikioni mwake, fundi naye hakukata. Wakasikilizana wakivuta kamasi mpaka boti ilipogusa mchanga na gauni la njano likashuka peke yake.

Fundi akamrudishia mzee darubini.

"Kitendawili chako nimekijua, babu."

"Haya, taja."

"Sitaji. Nirudishie tu mji wangu. Ule mpya umezama."

Mzee hakucheka.

"Chukua, mwanangu. Nilikuwa bado sijahamia."